Nani Ashike Bunduki ya Baba

Jumamosi, 2 Machi

Mahindi tulipanda juzi, mvua ikanyesha jana, na leo alfajiri nguruwe pori wameshafukua mistari yote ya upande wa bondeni. Hawafukui ovyo. Wanafuata mstari, shimo kwa shimo, kama vibarua waliogawiwa kipande, wanakula punje na kusogea mbele. Katikati ya nyayo zao kuna alama ya kwato pana kama kiganja changu, ncha moja imevunjika. Huyo ndiye dume tunayemwita Mwenyekiti, maana hakuna kikao cha uharibifu kinachoanza bila yeye.

Na shotigani ya Baba imekufa. Fundi aliyeitazama amesema mtutu una ufa, na atakayeifyatua tena ajiandae kuzikwa bila uso. Baba akamaliza chai yake, kisha akasema, "Tutanunua nyingine. Mambo ya gololi za marisau basi. Safari hii tunatafuta bunduki ya risasi, ya kumlaza Mwenyekiti."

Nusura nicheze. Tangu mtoto wa jicho amwingie Baba, anayelenga ni mimi. Kibali kinaruhusu mwenye bunduki na msaidizi mmoja, na msaidizi ni mimi. Nilipoachika nikarudi nyumbani na sanduku moja na aibu ya kujaza masanduku matatu, Baba hakuniuliza kitu. Alinipa ile shotigani akaniambia, "Mama, kalinde mahindi." Ananiita Mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Neno lile liliniponya kuliko ushauri wote wa mashangazi.

Jumatatu, 4 Machi

Kaka amepiga simu. Anakwenda kusimika nguzo za umeme mbali, hatarudi mpaka mavuno. Mkewe anakuja kukaa nasi. Nimefua mashuka ya chumba cha wageni. Nimeyafua vizuri, Mungu ni shahidi.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi amefika. Mrefu, amenyooka kama aliyepigiwa rula, anachechemea kidogo mguu wa kulia. Alikuwa mwanajeshi mpaka goti lilipoharibika mazoezini, wakamstaafisha kabla ya wakati. Ana begi moja dogo na tabia ya kutandika kitanda mpaka unaona haya kukikalia.

Wakati wa chakula cha jioni Baba akamuuliza jeshini alitumia bunduki gani. Swali moja tu hilo. Wakaongea mpaka chai ikapoa kwenye vikombe vya wote wawili, na Baba hapendi chai iliyopoa. Alicheka mpaka pengo lake la nyuma likaonekana. Pengo hilo sijaliona tangu tumzike mama yangu.

Wifi akataka kunisaidia kuosha vyombo. Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akasema, "Basi nipe hilo jembe leo." Mtu wa namna hii hata kumkasirikia vizuri huwezi.

Ijumaa, 8 Machi

Anamwita "Baba." Si "Baba mkwe." Baba, hivi hivi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua kutwa. Tumerudia kupanda upande wa bondeni. Wifi hakuwa na buti za matopeni, nikamwazima za zamani. Ya kushoto ina tundu. Nilijua.

Jioni aliikausha soksi yake karibu na jiko, akanikunjia na zangu.

Jumamosi, 16 Machi

Leo Baba ameutoa mkanda wake wa risasi, ule wa ngozi aliouvaa enzi za ulinzi wa pori. Nimeupaka mafuta ule mkanda miaka yote hii. Nilikuwa nauota kiunoni kwangu. Akauweka mikononi mwa Wifi. "Afande," akamwambia, sasa ndilo jina lake humu ndani, "hebu ujaribu tuone."

Ulimkaa. Kiuno chake chembamba, Baba akalazimika kuongeza tundu kwa msumari, akipapasa ngozi kwa vidole kwa kuwa haoni vizuri, na yeye kasimama mikono juu kama anayepimwa gauni. Walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nilichambua hata yaliyokuwa mazima.

Baadaye nikauliza, kama vile nauliza habari za hali ya hewa, kibali cha bunduki mpya kitaandikwa msaidizi nani.

"Bunduki mpya, kibali kipya," Baba akajibu. "Tutaona, Mama."

Tutaona! Mvua zote zile nimeketi peke yangu kwenye kibanda cha ulinzi, mbu wananila, nalinda mahindi ya mzee huyu, halafu leo tutaona.

Jumatano, 20 Machi

Leo nataka kuandika yote kwa sababu nimeshinda.

Duka la bunduki lina milango miwili ya chuma, na wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe nyuma yako. Ndani panatia ubaridi na pananuka mafuta ya kulainishia vyuma. Muuzaji ni mtu mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alitandaza kitambaa kwenye kaunta, akalaza bunduki tatu kama fundi cherehani anayeonyesha vitambaa.

"Nguruwe wenu ni wakubwa kiasi gani?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Wifi akawahi. "Wengi wa kawaida. Dume mmoja ni mkubwa sana, na madume ya aina hiyo yana ngozi nene begani, ngumu kama gome. Risasi ndogo ikimpiga upande usiofaa, anaondoka nayo."

Muuzaji akamtazama kwa heshima. Tangu hapo akawa anamwuzia yeye, mimi na Baba tukawa wasindikizaji.

Bunduki ya kwanza ilikuwa ya kipimo cha mbili-nne-tatu: nyepesi, haipigi teke, lakini risasi yake ndogo. Ya pili, tatu-sifuri-nane. Wifi akaikamata, akavuta komeo nyuma na mbele, akaiweka begani na kuishusha. "Hii," akasema. "Ina nguvu ya kumtosha huyo dume, risasi zake zinapatikana kila mahali, teke lake mtu anavumilia. Ukiweka risasi za ncha laini, zinafunguka ndani ya mnyama. Nyingi zinaishia mwilini, hazitoki upande wa pili na mwendo wa kuua mtu. Hata hivyo lazima kuwe na udongo nyuma ya shabaha. Shamba letu linateremkia kwa watu."

Shamba letu, alisema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Mimi najua bunduki. Baba amenifundisha tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilijua anasema kweli, na kadiri alivyozidi kusema kweli ndivyo nilivyozidi kumchukia, na Baba pale anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza dua.

Basi nikaigusa ya tatu. Mtutu mnene, kitako kizito. "Baba," nikasema, "wale nyati wa zamani ulikuwa unawaangusha na nini vile?"

Baba akasogea mbele. Mkono wake ukaja juu ya kaunta, ukapapasa, ukaipata. "Tatu-saba-tano," akasema. Sauti ilikuwa ya kijana.

"Sasa mkono ulioangusha nyati unauliza bei ya kitoto cha namna ile?"

Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akang'aa. Wifi akasema polepole, "Baba, nyati hakuwa na jirani nyuma yake."

"Wifi yangu kazoea kulenga makaratasi," nikacheka. "Makaratasi hayana ngozi nene."

Muuzaji akakohoa. "Kwa hiyo kubwa nina risasi ngumu tu. Za ncha laini zimeisha."

Wifi akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo. Alikuwa ameelewa kila kitu. "Sawa," akasema. "Mwenye shamba ni Baba."

Tukanunua tatu-saba-tano. Na kwenye meza ya vibali, ofisa alipouliza msaidizi, Baba akanishika bega. "Mwanangu huyu."

Nimerudi nyumbani nimeshiba bila kula.

Jumapili, 24 Machi

Tumejaribu bunduki kwenye machimbo ya kokoto. Baba alipiga mara moja, akapepesuka, akasema imetulia vizuri. Jioni hakuweza kuinua mkono kuvaa shati. Mimi nilipiga mara kadhaa. Bega langu lina rangi ya biringanya. Nimevaa mikono mirefu ili Afande asione.

Ameona. Ameniwekea chupa ya maji ya moto juu ya mto.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Mahindi yamefika gotini. Hawajaja.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamekuja, wamekula, wameondoka kabla sijafika. Wifi amezunguka shamba lote na fimbo yake ya kutembelea. Aliporudi alimwambia Baba kibanda cha ulinzi kimekaa vibaya. Kiko juu, ukipiga kutoka pale, risasi inateremka kuelekea nyumbani kwa jirani yetu seremala. Anataka mlindaji akae chini mtaroni, apige kupanda juu, nyuma kuwe na ule ukingo wa udongo wa upande wa juu.

"Mama, unasemaje?" Baba akauliza.

Nikasema kibanda hicho nimekijenga kwa mikono yangu, na nguruwe nawajua kwa majina. Baba akacheka, mambo yakaishia hapo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi, kumeshapambazuka, ukungu unaondoka bondeni. Nilikuwa kibandani. Wakatoka vichakani wakiwa kundi, majike mbele. Mwenyekiti sikumwona. Jike mmoja mkubwa akasimama ubavu, karibu, akila. Sikufikiria udongo. Niseme ukweli, nilifikiria uso wa Baba nikimwambia nimeangusha, na nilifikiria uso wa Wifi akisikia. Nikafyatua.

Jike akaanguka pale pale. Na kabla mwangwi haujaisha, huko chini nikasikia sauti ya bati, moja, kama mtu aliyetupa sufuria. Kisha kelele za mwanamke.

Nilikimbia. Sijui bunduki niliiacha wapi. Wifi ndiye aliyeiokota baadaye na kuitoa risasi. Nilianguka, nikaamka, nikaanguka. Uani kwa seremala kuna tangi la maji la bati juu ya matofali, na chini ya bomba alikuwa ameketi mama yake, bibi kizee, na beseni mapajani. Alikuja kunawa uso. Risasi ilimtoboa yule nguruwe, ikashuka na mteremko, ikatoboa tangi shubiri moja juu ya kilemba chake. Ikaingia upande huu na kutokea ule. Maji yalikuwa yanamiminika juu yake kutoka matundu mawili, naye kaketi vile vile, macho wazi, mdomo wazi, beseni linafurika.

Nilidhani amekufa kaketi. Nilipiga magoti majini nikamshika miguu. Ikawa ya moto. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mbingu imetoboka?"

Seremala alitoka na randa mkononi. Aliona tangi, akamwona mama yake, akaniona mimi. Akaiweka randa chini taratibu sana. Nadhani aliiweka chini ili asinipige nayo.

Jumapili, 21 Aprili

Mkuu wa kituo cha polisi amekuja na kuichukua bunduki. Alisimama kibandani kwangu, akanyoosha mkono kama mtutu, akatazama unakoelekea. "Nani alichagua kukaa hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Na nani alichagua kipimo hiki kwa shamba lenye majirani?"

Baba akasema, "Ni mimi, mwenye kibali." Akasimama pale na fimbo yake, akilitazama shamba asiloliona, anakaripiwa na mtu mwenye umri wa kuwa mwanawe. Sikuweza kuvumilia. Nikasema nilimshawishi. Mkuu wa kituo akaandika. Wifi alikuwa mlangoni, hakuongeza wala hakupunguza.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo jikoni Wifi amenivaa. Nilijua siku itafika. Alifunga mlango kwanza.

"Unajua bunduki kuliko nusu ya watu niliovaa nao magwanda," akasema. "Kwa hiyo usiniambie hukujua. Ulijua pale dukani. Ulijua nilipokwambia habari ya kibanda. Ulikubali mtu afe mradi tu mimi nisiwe nimesema kweli."

"Wewe ulikuja kuchukua..." nikaanza.

"Kuchukua nini?"

Mkanda? Pengo la Baba?

"Mimi siku ninatoka jeshini," akasema, sasa sauti imeshuka, "nilipewa cheti na lifti mpaka kituo cha basi. Baba yangu sikumjua. Mume yuko juu ya nguzo. Ninaingia humu, kila asubuhi nasikia mtu mzima anaitwa 'Mama, umeamkaje?' na baba yake. Unajua nilivyokuwa nakuonea kijicho? Halafu wewe ndiye unaninunia mimi! Kwa kipande cha ngozi!"

Nilitaka kumwambia pole. Kilichonitoka ni, "Chumvi iko juu ya kabati."

Akaichukua chumvi. Akapika. Tukala.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba haniiti Mama. Ananiita "wewe." Wewe, umefunga kuku? Wewe, nipe koti.

Jumatano, 1 Mei

Nampelekea bibi maji kila asubuhi, ndoo mbili, moja kichwani, moja mkononi, mpaka tangi lizibwe. Ananipokea vizuri, ananiita mwanangu. Lakini hatoki nje tena. Anaketi ndani dirisha limefungwa, na nikiweka ndoo chini kwa kishindo anashtuka mwili mzima. Zamani alikuwa anasalimia kila apitaye njiani kwa matani.

Seremala amesema kwa mkuu wa kituo kwamba hatashtaki, kwa masharti mawili. Bunduki ile iondoke. Na mimi nisishike bunduki yoyote msimu huu mzima. "Nikimwona nayo," akasema, "tutaonana mahakamani, ujirani pembeni."

Jina langu limefutwa. Baba hana macho. Atakayeandikwa hakuna haja ya kuuliza.

Alhamisi, 9 Mei

Mahindi yamechanua. Wanakuja asubuhi na jioni sasa, wanaangusha mabua na kung'ata mahindi mabichi kabla hayajakomaa. Tunapiga madebe. Mwenyekiti amezoea madebe. Jana alisimama, akasikiliza, akaendelea kula kama mtu anayepigiwa muziki.

Jumanne, 14 Mei

Kituo kimeiachia bunduki kwa sharti la seremala, nasi tumerudi kwa muuzaji kuibadilisha. Nilitaka kubaki nyumbani. Wifi akasema, "Hapana, wewe utakuja. Shamba unalijua wewe."

Dukani Baba aliketi kwenye kiti, mikono juu ya fimbo, akasema atakubali lolote. Wifi akaishika ile tatu-sifuri-nane. Muuzaji akaleta darubini ya kufunga juu, kubwa, ndefu, ya kuonea mbali. Wifi akanigeukia. "Pale shambani, palipo mbali zaidi nitakapopiga ni wapi?"

Nikafikiria. "Ukikaa mtaroni, mpaka ukingoni hata hatua mia hazifiki. Na asubuhi ukungu mwingi."

"Basi hii kubwa ya nini? Tunataka ndogo, ya kuonea pana, inayokusanya mwanga." Akamwambia muuzaji, "Umemsikia. Na risasi za ncha laini, tafadhali, kabla sijalipia kitu kingine."

Muuzaji akaniuliza mimi, si yeye, kama kitako kikatwe kidogo. Nikajibu hapana, mtumiaji ni mrefu. Niliona fahari. Kisha nikakumbuka nimetoa vipimo vya bunduki ya mwingine, kama mtu anayemchagulia mke mwenza kanga, fahari ikageuka nyongo. Njia nzima nilitazama nje.

Mezani kwa ofisa Baba alisema, "Msaidizi ni mkwe wangu." Hakunishika bega, hakumshika yeye pia.

Jumamosi, 18 Mei

Wifi amepiga machimboni. Matundu yake yote yangefunikwa na kifuniko cha chupa. Nilisema, "Si mbaya." Akajibu, "Kwa mtu wa makaratasi." Nikacheka kabla sijajizuia.

Jumatano, 29 Mei

Ameangusha jike mmoja. Kutoka mtaroni, kupanda juu. Nyuma yake udongo. Nilikwenda mwenyewe ukingoni na jembe kutafuta risasi. Sikuikuta, ilibaki ndani ya mnyama. Nilikaa pale ukingoni nikalia kidogo. Sijui kwa nini hasa. Kwa bibi, nadhani. Na kwa wivu, sitaki kudanganya karatasi.

Jumapili, 9 Juni

Mvua zimekatika. Majani yanaanza kukauka kwa chini. Tukivuna nusu tutashukuru.

Baba amesema leo, akitafuta fimbo yake, "Mama, hebu niangalizie chini ya kiti." Nadhani hakugundua. Nimeitafuta kwa muda mrefu ingawa niliiona papo hapo.

Alhamisi, 20 Juni

Wifi hampati Mwenyekiti. Ameketi mtaroni siku nyingi, goti limevimba. Dume yule anasubiri wenzake watangulie, wakipigwa risasi hatoki kabisa.

Nilijua anakopita. Nimejua muda wote. Ana kipito chake peke yake nyuma ya kisiki kilichoungua, anasimama pale kujikuna ubavu, ndipo anaingia mahindini. Sijamwambia mtu. Nilikuwa najiambia hakuna aliyeniuliza.

Jioni nimemkandia goti kwa maji ya moto na chumvi. Nikamwambia habari ya kisiki.

Akaniangalia. "Tangu lini unajua?"

"Tangu nimpe jina."

Nilingoja anivae tena. Alifumba macho tu, akasema, "Kanda hapo kwa juu. Hapo hapo."

Jumatatu, 24 Juni

Nitaandika kama yalivyokuwa.

Tulitoka giza likiwa linapungua, mimi mbele, yeye nyuma na bunduki. Nilimweka penye kona ya mtaro ambapo kisiki kinaonekana na ukingo umesimama nyuma yake kama ukuta. Akalala kifudifudi juu ya gunia. Mimi nikalala kando yake na mikono mitupu. Mikono mitupu ni mizito jamani.

Kukapambazuka. Kundi likapita kule juu, hatukupiga. Kisha kichaka nyuma ya kisiki kikatikisika, akatoka. Sijawahi kumwona karibu vile. Manyoya ya mgongoni yamesimama kama brashi, meno yamepinda juu ya mdomo. Akaanza kujikuna. Kisiki kikalia.

"Udongo?" Wifi akanong'ona.

"Upo. Bado kidogo, ageuke."

Akageuka. Nikaona kidole chake kinaingia kwenye kifyatulio. Moyo wangu ulikuwa unasema mambo mawili kwa pamoja, piga, na kosa. Ndiyo, kosa. Nimeahidi kuandika kama yalivyokuwa.

Ndipo jike mmoja mdogo, sijui katokea wapi, akapita nyuma ya Mwenyekiti na kupanda ukingoni, juu kabisa, ambapo udongo unakwisha na nyuma yake ni njia ya watu. Mwenyekiti alikuwa bado kasimama wazi, ubavu wote. Mimi ningesema hiyo ndiyo nafasi. Wifi akakitoa kidole. Akakilaza kando ya chuma, akangoja. Mguu wake mbovu ulikuwa unatetemeka kwenye gunia kwa maumivu, nikausikia ukigonga udongo, lakini mtutu haukucheza. Mwenyekiti akaacha kujikuna. Akaanza kuondoka. Wifi akangoja bado. Jike akashuka upande huu. Mwenyekiti akasita kumtazama, hatua moja tu kabla hajaingia mahindini.

Kidole kikarudi. Risasi ikalia.

Mwenyekiti hakupiga hata hatua. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akalala ubavu.

Wifi alirudisha kitufe cha usalama, akaegemeza paji la uso juu ya kitako. Goti lilikataa kumwinua. Nikamwambia abaki, nitakwenda kumwambia Baba.

Nilimkuta mwanzoni mwa shamba, ameshakuja mwenyewe kwa fimbo, umande umemlowesha suruali mpaka magotini. Uso kaugeuzia upande usiofaa, anasikiliza.

"Risasi moja?"

"Moja, Baba."

"Ni yeye? Mwenyekiti?"

"Ndiye. Amelala."

Akavuta pumzi. "Nani kapiga?" Alijua nani kapiga. Nadhani alitaka kusikia nitakavyosema.

"Afande."

Akatafuta tuta kwa fimbo, akaketi. "Nisimulie. Usiruke kitu."

Ningeweza kumpunguzia. Ningesema dume alisimama kama ng'ombe, mtoto angempata. Ningesema mahali nilichagua mimi, kipito nilikijua mimi, na yote hayo ni kweli tupu. Mzee haoni, angeona kile nitakachompa.

Nikamsimulia. Kisiki, manyoya, meno. Nikamwambia habari ya jike na njia ya watu. Nikamwambia kidole kilivyotoka na kulala kando, mguu ulivyogonga udongo na mtutu usivyocheza, na jinsi alivyokubali kumpoteza dume. Kila neno liliniuma likitoka, kama kujitoa mwiba kwa sindano. Sikuruka kitu. Baba alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, pengo linaonekana.

Nilipomaliza alishusha uso. Kisha akauliza, "Na wewe, Mama? Ungekuwa umeshika wewe?"

"Nisingengoja, Baba."

Akatikisa kichwa pole pole. Mkono wake ukapapasa hewani mpaka ukaupata wangu, ukaning'ang'ania hapo, mimi nimesimama, yeye kaketi kwenye tuta.

"Rudia pale alipotoa kidole," akasema.

Nikarudia.